Mtu amechukuliwa na wasiojulikana, polisi wanakana: habeas corpus ifunguliwe vipi isianguke?

Mwanasheria_Mtarajiwa (Nakuru):

Habari za jioni wadau.

Nauliza kuhusu jambo ambalo hapa Kenya limezoeleka vibaya tangu maandamano ya Mswada wa Fedha ya Juni 2024. Kijana anachukuliwa barabarani na watu wasiovaa sare, gari halina alama, familia inazunguka vituo vyote na kwenye kila kaunta inajibiwa "hatuna mtu wa jina hilo". Wakili akipigiwa simu usiku huo, aanzie wapi? Najua Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na 51(2) kinampa haki ya kuomba habeas corpus, yaani amri ya kumleta anayeshikiliwa mbele ya mahakama. Nisichoelewa ni kwa nini maombi mengi yanatupwa baada ya polisi kuleta kiapo cha ukurasa mmoja kwamba hawamshikilii.

La pili. Mawakili wakongwe wakizungumzia mambo haya hawakosi kumtaja wakili Gibson Kamau Kuria na mwaka 1987. Katiba ya wakati ule ilikuwa nyingine kabisa. Kuna cha kujifunza kwa ajili ya kazi ya leo, au tunamtaja kwa heshima tu?

---

Wakili_wa_Mtwapa:

Ndugu yangu, mengi huanguka kwa sababu moja: hayajaonyesha kwamba mlalamikiwa ndiye mwenye mtu. Habeas corpus humwambia anayemshikilia, "mlete hapa, ueleze kwa sheria gani unamzuia". Polisi wakishaapa kwamba hawanaye, jaji anabaki na swali moja: ndani ya kiapo cha familia kuna nini cha kuushinda ukanaji huu? Kama kiapo kinasema "naamini amechukuliwa na polisi" kisha kikanyamaza, jaji hana pa kushika, hata kama moyoni anawaamini.

Kwa hiyo usiku wa kwanza achana na vitabu vya sheria, kusanya. Mtafute aliyeona kwa macho yake. Mama mzazi aliyeambiwa kwa simu na jirani anaweza kuapa kuhusu utambulisho wa mwanawe na jinsi alivyozunguka vituoni, lakini habari ya kukamatwa iapwe na huyo jirani mwenyewe. Viapo viwili vifupi vya watu wawili vina nguvu kuliko kimoja kirefu cha mtu aliyesimuliwa. Aya ya shahidi iwe hivi:

"Kwamba siku hiyo, mnamo saa 20:40, nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka umbali wa hatua kama kumi, niliona gari aina ya Subaru la rangi ya kijivu likiziba njia mbele ya bodaboda, kwamba walishuka wanaume wanne, mmoja akiwa na redio ya mawasiliano mkononi na mwingine ametoa pingu kiunoni, kwamba aliyetangulia alimwita kwa majina yake yote matatu, kwamba gari liliondoka kuelekea barabara kuu."

Redio, pingu, majina matatu kamili. Hivyo ndivyo vinavyomfikisha jaji kwenye polisi bila wewe kusema unaamini. Namba ya gari iandikwe hata kama unashuku ni ya bandia, maana namba hiyohiyo ikitokea katika kisa kingine ushahidi unaanza kuungana.

Angalieni sana saa. Shahidi akisema "saa mbili usiku", karani anayechapa kiapo kwa Kiingereza akaweka 2:00, umejenga mgongano kati ya viapo vyako mwenyewe. Kamera ya dukani itaonyesha 20:40, shahidi wako atakuwa ameapa saa nane za usiku, na wakili wa serikali hatahitaji kitu kingine. Msomee shahidi kiapo chake kwa lugha anayoielewa kabla hajatia sahihi, na uandike chini kwamba amesomewa.

Kamera: mitambo mingi ya madukani hufuta picha za zamani yenyewe ili kupata nafasi, mingine baada ya siku chache tu. Nakala ichukuliwe usiku uleule. Aliyenakili ndiye atakayetia sahihi hati ya uthibitisho wa ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Bila hati hiyo video nzuri itapingwa na huenda ikakataliwa. Chapisha na picha tuli tatu au nne uziambatishe kwenye kiapo, jaji azione bila kusubiri mtambo.

Vituoni nako kuna mtego. Familia ikienda kuripoti, ofisa wa zamu ana mazoea ya kuandika kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, "mtu aliyepotea". Kubalini neno hilo, na wiki moja baadaye litasomwa mahakamani kama ungamo lenu kwamba hamjui aliko. Sisitizeni iandikwe "amekamatwa na watu walioaminika kuwa maofisa", mpewe namba ya OB, na muandike saa mliyofika na jina la ofisa kama amelivaa kifuani. Akikataa kuandika, huko kukataa nako kunaingia kwenye kiapo.

Halafu fungua. Habeas corpus ni ya Mahakama Kuu, hakimu hana mamlaka nayo. Kifungu cha 389 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinatosha kuanzia, lakini usiishie hapo. Unganisha na ombi la kikatiba chini ya Vifungu vya 22 na 23 vya Katiba kwa kuvunjwa kwa 28 (utu), 29 (uhuru na usalama) na 49. Sababu yake: habeas corpus ikifa kwa ukanaji wa polisi, ombi la haki linabaki hai, na ndani yake unaweza kupata amri ya uchunguzi, matamko na fidia. Wanaofungua habeas corpus peke yake hujikuta hawana faili tena siku ya tatu. Ada isikuzuie, Katiba imekataza kutoza ada ya kufungua mashauri haya. Na kama hakuna muda hata wa kuchapa, kanuni za 2013 za mashauri ya haki za msingi zinamruhusu jaji kupokea ombi la mdomo au barua.

Walalamikiwa wawe Inspekta Jenerali, Mkurugenzi wa DCI (upelelezi wa jinai), OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa eneo lililotokea tukio, na Mwanasheria Mkuu. Usimtaje OCS peke yake. Atasema kweli kwamba kituoni kwake hayupo.

---

Bi_Masijala:

Naongezea upande wa amri zenyewe, maana watu huomba "aletwe mahakamani" wakanyamaza hapo.

Ombeni tarehe na saa. Ombeni kwamba wakikana, aape Inspekta Jenerali mwenyewe au ofisa atakayemtaja kwa jina, na kiapo kiambatishe kurasa za OB za vituo mnavyovitaja pamoja na daftari la mwendo wa magari la siku hiyo. Ukanaji wa jumla ni rahisi kuapa. Ukanaji unaodai kurasa za daftari ni mgumu. Ombeni pia wakili, familia na daktari wamwone, na kwamba asihamishwe nje ya eneo la mahakama hiyo wala nje ya nchi hadi shauri lisikizwe.

Hilo la mwisho lina historia. Februari 2018 mwanasiasa wa upinzani Miguna Miguna alikamatwa, Mahakama Kuu Nairobi ikaamuru aletwe mahakamani Milimani. Akapelekwa kwa hakimu Kajiado, kisha usiku akapandishwa ndege kwenda Canada. Mfikishie kila mlalamikiwa amri iliyo wazi, asipate pa kusema hakuelewa.

Kuhusu kudharau mahakama: Sheria ya Kudharau Mahakama ya 2016 ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2018, msiitaje. Tumieni kifungu cha 5 cha Sheria ya Mahakama, Sura ya 8. Na hapa kosa ni lilelile kila mara, uthibitisho wa kufikisha amri. Amri iwe na onyo la adhabu ukurasa wa mbele, ifikishwe kwa mkono, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, na mpelekaji aape siku hiyohiyo akitaja saa, mlango wa ofisi na aliyepokea. Wakikataa kupiga muhuri, aape kwamba wamekataa, na utume pia kwa barua pepe ya ofisi. Amri ikitolewa wakili wa serikali akiwa mle ndani, muombe jaji aliandike hilo, kwa sababu basi hawawezi kusema hawakujua.

Kesi ya Kitengela ndiyo mfano wa karibu. Ndugu wawili na mwanaharakati mmoja walichukuliwa 19 Agosti 2024, LSK (Chama cha Mawakili Kenya) ikaenda mahakamani. Kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli aliitwa mara kadhaa asitokee. 13 Septemba Jaji Lawrence Mugambi akamhukumu kifungo cha miezi sita, akakisimamisha kwa siku saba ili apate nafasi ya kufika. 20 Septemba hao watatu wakaachiliwa, na Masengeli alipofika mahakamani adhabu ikaondolewa. Tazameni tarehe hizo. Mwezi mzima wa "hatunao", kisha ndani ya juma moja la hukumu watu wakaonekana.

---

Mzee_wa_Kaptagat:

Nijibu lile la pili, kwa sababu halitenganishwi na haya mliyoyasema.

Kwanza muielewe sheria ya wakati ule. Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma, Sura ya 57, ilimruhusu waziri kumzuilia mtu bila mashtaka. Katiba ya zamani, kifungu cha 83, iliweka vidhibiti vinavyopendeza ukivisoma: apewe sababu kwa maandishi ndani ya siku 5, jina litangazwe kwenye Gazeti la Serikali ndani ya siku 14, baraza la mapitio limsikilize ndani ya mwezi mmoja, kisha kila miezi 6. Lakini baraza lilishauri tu, waziri hakulazimika kulifuata. Ukifungua habeas corpus, serikali ilileta hati yenye sahihi ya waziri, na hati hiyo ndiyo ilikuwa jibu.

Kwa hiyo Kamau Kuria hakushambulia hati. Alishambulia zile siku zilizotangulia hati, ambazo mtu alikuwa chini ya ardhi Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, kwenye seli iliyojazwa maji, kabla jina lake halijaandikwa popote. Mapema 1987 alitoa notisi ya kuishtaki serikali kwa niaba ya wazuiliwa watatu: Mirugi Kariuki, Wanyiri Kihoro na Mukaru Ng'ang'a. Dai lilikuwa mateso na kuzuiliwa kinyume cha sheria. Huo ni ustadi wa kazi. Alitafuta mahali ambapo serikali haikuwa na karatasi.

Februari hiyohiyo yeye mwenyewe akakamatwa na kuzuiliwa chini ya sheria ileile, akatoka Desemba. Na hapa ndipo somo la ofisi lilipo: mwenzake Kiraitu Murungi alilishika jalada na kuendelea nalo. Kumkamata wakili hakukuzima madai.

Kisha pasipoti ya Kamau Kuria. Ilichukuliwa, na mwaka 1988 akaenda mahakamani kuidai chini ya kifungu cha 84, kile cha kutekeleza Sura ya Haki. Mahakama ikasema kifungu hakiwezi kutumika kwa kuwa Jaji Mkuu hajatunga kanuni za utaratibu. Yaani haki zilikuwa kwenye Katiba, ila mlango wa kuzidai haukuwa na mpini, na mwenye kutakiwa kuuweka mpini alikuwa Mahakama yenyewe. Sasa fungueni Katiba ya 2010, Kifungu cha 22(4): kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu kufungua shauri na kusikizwa. Sentensi hiyo imeandikwa kwa ajili ya maamuzi yale. Mnapofungua ombi leo usiku, mnaitumia.

Mwaka huohuo wa 1987 ilikuwako habeas corpus nyingine ambayo kila kijana anayeingia kazini aijue. Stephen Mbaraka Karanja alikamatwa, familia ikaomba aletwe. Polisi wakasema alipigwa risasi na amekwishazikwa Eldoret. Jaji Derek Schofield akaamuru mwili ufukuliwe. Makaburi yakafukuliwa, mwili haukupatikana. Jaji alipotaka kuendelea na polisi, Jaji Mkuu akalihamisha jalada kwa jaji mwingine. Schofield aliacha kazi akaondoka nchini. Alikuwa jaji wa mkataba, na anayeusaini mkataba ni serikali. Mwaka 1988 Bunge likaondoa hata ulinzi wa ajira wa majaji wote kwenye Katiba, na likaongeza muda wa kumshikilia mshukiwa wa makosa ya kunyongwa kutoka saa 24 hadi siku 14. Ulinzi wa ajira ulirudishwa 1990.

Weka kesi hiyo kando ya ile ya Kitengela aliyoitaja Bi Masijala. Baada ya hukumu ya Septemba 2024, Jaji Mugambi aliondolewa walinzi wake, na Jaji Mkuu Koome akalalamika hadharani. Waliweza kumwondolea walinzi. Hawakuweza kumwondolea jalada wala kiti, kwa sababu chini ya Kifungu cha 168 jaji huondolewa kwa kupitia Tume ya Huduma za Mahakama na jopo. Ndiyo maana mimi nasema anayetetea mahabusu na anayetetea ajira ya jaji wanafanya kazi moja. Kila mara mkisikia pendekezo la kurahisisha kumwondoa jaji, au la kupunguza bajeti ya Mahakama, lisomeni mkiwa na faili ya habeas corpus mkononi.

---

Mwanasheria_Mtarajiwa (Nakuru):

Asante sana wakubwa, hasa hilo la 22(4), sikujua lilitoka wapi. Swali la nyongeza: wakili mwenyewe akitishwa au akikamatwa, jalada linalindwaje?

---

Wakili_wa_Mtwapa:

Kwa mambo madogo ambayo watu huyaona kama usumbufu. Notisi ya kuteuliwa itaje mawakili wawili wa ofisi mbili tofauti, sio wawili wa meza moja. Maagizo ya mteja au familia yawe kwa maandishi na sahihi, ili wa pili asilazimike kuanza kutafuta idhini. Viapo vya asili vikishatiwa muhuri vinakwenda masijala siku hiyohiyo, visilale ofisini. Nakala ya kila kitu ibaki kwa wakili wa pili, na orodha ya mashahidi na namba zao isikae kwenye simu unayotembea nayo.

Nje ya mipaka hali ni ngumu zaidi. Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitekwa Nairobi 16 Novemba 2024, baada ya siku nne akatokea mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Wakili wake Eron Kiiza alihukumiwa na mahakama hiyo kifungo cha miezi tisa Januari 2025 kwa kuidharau. Mwisho wa mwezi huohuo Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba mahakama za kijeshi haziwezi kuwashtaki raia. Martha Karua, wakili wa Kenya, naye alipotaka kumtetea Besigye alinyimwa kwanza cheti cha muda cha kufanya kazi Uganda, akakipata Januari. Kwa hiyo anayetegemea wakili wa nchi jirani aombe cheti mapema, na awe na wakili wa hapohapo mwenye jalada zima mkononi, asiwe wa kushika nafasi tu.

---

Kisutu_Sheria (Dar):

Wakuu, kwa wanaosoma kutoka Tanzania: msinakili hatua hizi kama zilivyo. Kwetu habeas corpus ipo na ni ya Mahakama Kuu, lakini mashauri ya haki za msingi yanakwenda chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, na tangu marekebisho ya 2020 mwombaji lazima aape jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Chama au mwanaharakati kufungua kwa niaba ya umma ni vigumu sana. Mzazi, mke, mume au ndugu wa aliyechukuliwa ndiye aape.

Pia angalieni shtaka. Kosa la uhaini halina dhamana, na hakimu hana mamlaka ya kulisikiliza. Mshtakiwa anasomewa tu, kisha anakaa mahabusu huku jalada likisubiri kupelekwa Mahakama Kuu. Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani, alisomewa shtaka hilo katika mahakama ya Kisutu Aprili 2025. Katika kipindi hicho cha kusubiri kazi ya wakili ni kwenda kila tarehe ya kutajwa, kupinga kila ahirisho kwa sauti ili liingie kwenye mwenendo wa shauri, na kudai faragha ya kuonana na mteja gerezani. Mahojiano yanayosikika na askari andikeni tarehe na saa yake, ni hoja ya rufaa. Watazamaji wa nje wasitegemewe sana: Karua alirudishwa kutoka uwanja wa ndege Dar Mei 2025 alipokuja kuhudhuria kesi hiyo.

---

Mwanasheria_Mtarajiwa (Nakuru):

Na la mwisho, niwaache mpumzike. Mtu ameachwa alfajiri kando ya barabara, yuko hai. Serikali inasema shauri limepitwa na wakati, lifungwe. Tukubali?

---

Bi_Masijala:

Habeas corpus imepitwa, ndiyo. Ombi la haki halijapitwa, na ndiyo maana Wakili wa Mtwapa amewaambia muunganishe mapema. Kiapo cha nyongeza cha aliyeachiliwa kiingie haraka: alichosikia, alichonusa, ngazi alizopanda, muda wa safari, maswali aliyoulizwa. Asiandikiwe maneno ya kisheria. Maelezo kama "nilisikia adhana karibu, kisha treni" yana thamani kuliko "niliteswa kinyume cha Kifungu cha 29". Baadhi ya waliopita Nyayo House waliamuriwa walipwe fidia na Mahakama Kuu mwaka 2010, zaidi ya miaka ishirini baadaye, na maelezo ya seli zile yalikuwa sehemu ya msingi wake.

Lakini kabla ya kiapo, daktari. Siku ileile kama inawezekana, maana alama za kufungwa mikono na uvimbe huanza kufifia baada ya siku mbili tatu. Fomu ya P3, ile ya polisi ya daktari kueleza majeraha, ijazwe, na picha zipigwe zikiwa na rula kando ya jeraha, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ni kiungo gani. Malalamiko yapelekwe IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, kwa maandishi na mchukue namba ya kumbukumbu.

Nguo alizotoka nazo asizifue. Kila kipande kitiwe kwenye mfuko wake wa karatasi ya kaki, si nailoni, kwa sababu nailoni hushika unyevu na damu huoza ndani yake. Funga, andika juu tarehe, saa na jina la aliyeufunga, na mfuko usipitie mikono ya mtu yeyote ambaye hayuko tayari kuja kuapa kwamba aliushika.